Ngano ya Ngano: Chachu, Mkate na Uwanda wa Hanang

Lugha yetu imelitwika neno moja mizigo miwili. Ngano ni nafaka isagwayo ikawa unga mweupe. Na ngano ni hadithi ya usiku, yenye zimwi na sungura, ambayo msikilizaji hatarajiwi kuiamini yote. Washairi wamelichezea neno hili tangu zamani. Mimi nataka kulitumia kwa kazi nyingine: kuuliza ni kwa vipi nafaka ya mgeni ilitusimulia hadithi kwamba yeye ndiye mkate, nasi tukaiamini.

Swali hili lina sababu yake. Siku hizi wako watu wa mijini, Waswahili wa Muscat na London miongoni mwao, ambao daktari amewakataza ngano kwa kuwa matumbo yao hayaivumilii. Hutafuta kwa shida namna ya kupika chapati za maji zisizo na ngano, zikaumuliwa kwa chachu ya nyumbani iliyobaki chunguni. Hulitafuta jambo hilo kana kwamba ni uvumbuzi mpya wa wagonjwa. Nataka kuonyesha kwamba ndicho chakula chetu cha zamani, na kwamba kilisahauliwa kwa sababu zenye tarehe na majina.

Tuanze na neno. Mkate, kwa asili yake, haumaanishi ngano. Ni kitu kilichokatwa, kipande, bonge. Ndiyo maana twasema mkate wa tumbaku, na hakuna anayedhani kuwa umeokwa. Ukiitaja mikate ya pwani mmoja mmoja utaona jinsi ngano ilivyo na nafasi ndogo katika ile ya kale: mkate wa kumimina ni mchele na tui, vitumbua ni mchele, vibibi na chila ni mchele, mkate wa mofa ni mtama. Ile inayotaka ngano mara nyingi hujitambulisha kwa jina la ugeni, kama mkate wa Ajemi au boflo.

Historia yaunga mkono lugha. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, baharia mmoja wa Kigiriki aliyeandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi alieleza bidhaa zilizoletwa pwani ya Azania, ambayo ndiyo pwani yetu. Alitaja mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Kisha akaongeza kwamba mahali pengine wafanyabiashara walileta mvinyo na ngano nyingi, si kwa kuuza, bali kwa kutumiwa kuwapendeza wenyeji. Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo. Mara ya kwanza ngano kutajwa katika maandishi pamoja na pwani yetu, inatajwa kama zawadi yenye shabaha.

Wenyeji nao walikuwa na nafaka zao. Wanaakiolojia waliochimba Tumbe na Chwaka, kisiwani Pemba, walizikuta mbegu zilizoungua motoni, wakazihesabu. Kati ya karne ya 8 na ya 10 iliyotawala ni mawele; kuanzia karne ya 11 mchele ukapanda, miji ilipokua na Uislamu ulipoenea. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alikuta Mogadishu wali uliopikwa kwa samli. Kuhusu Mombasa aliandika kwamba kisiwa hakikulima nafaka, bali kililetewa kutoka Sawahili, na kwamba chakula kikuu cha watu kilikuwa ndizi na samaki. Mchele wenyewe, basi, ni mgeni aliyepewa uraia. Lakini haukuyafukuza mawele wala mtama. Uliketi nao mkeka mmoja.

Sasa tuje kwenye chachu, maana hapo ndipo penye siri ya upishi. Neno hili ni letu: kitu kichachu, unga uliochacha. Hamira tumelichukua kwa Waarabu, na shina lake ni lile lile lililozaa jina la kileo na jina la ushungi: kufunika, kustiri. Chachu ni kitu kinachofunikwa kikaachwa kifanye kazi gizani. Ukichanganya unga na maji ukaufunika kwa kitambaa, vijidudu viishivyo katika nafaka yenyewe huamka. Vya kundi moja, bakteria wa asidi ya maziwa, hutoa ukali. Vya kundi jingine, hamira za asili, hutoa hewa inayoumua. Kila siku mpishi hutoa sehemu na kuongeza unga mpya, ili wale walio hai wapate kula. Hiyo iliyotolewa ndiyo mabaki, na nyumba yenye chachu haikosi mabaki.

Wahabeshi wamelipa jambo hili heshima kubwa. Injera yao ya tefu huanzishwa kwa ersho, yale maji ya manjano yanayoelea juu ya unga uliochacha jana, yakahifadhiwa kwa ajili ya leo. Wasomali wana canjeero, Wasudani wana kisra ya mtama. Bibi zetu wa pwani waliumua unga kwa tembo la mnazi kabla ya hamira ya dukani kuzagaa, ingawa wako waliolikwepa kwa ajili ya dini. Bara wana togwa, uji wa mahindi au mtama uliochachushwa kwa kimea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliichunguza togwa na mwaka 2003 wakachapisha waliyoyaona: humo bakteria wa asidi ya maziwa na hamira huishi pamoja, kama vile katika chachu ya waokaji wa Ulaya. Mama wa kijijini na mwokaji wa Paris wanafuga mifugo ya ukoo mmoja.

Kama ni hivyo, ni nini kilichoifanya ngano ionekane kuwa ndiyo mkate, na mtama kuwa chakula cha njaa? Sehemu moja ya jibu iko mbali na bahari, katika uwanda ulio chini ya Mlima Hanang.

Wasomaji wengi wa visiwani walilisikia jina la Katesh kwa mara ya kwanza tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka mlimani yalipoufunika mji na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Katesh ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara. Mlima unaoukinga una kimo kinachozidi mita 3,400. Karibu yake lipo Ziwa Balangida lenye chumvi. Wanaishi hapo Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji, Wanyaturu na Wanyiramba, na Wabarbaig, tawi la Wadatoga, ambao maisha yao ni ng'ombe. Nafaka za eneo hilo zilikuwa mtama, ulezi na baadaye mahindi. Kwa mfugaji, maziwa hutangulia yote.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali ya Tanzania iliiomba Kanada isaidie kilimo cha ngano. Nchi changa ilitaka kujilisha, na miji yake ilikwisha kuonja mkate wa dukani. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzisha katika uwanda huo mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Kila moja lilikaribia ekari 10,000. Matrekta na mashine za kuvunia zilitoka Kanada, wataalamu walitoka nyika za Kanada, na mbinu zilikuwa za huko. Msaada ule uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tukisema haki, ngano iliota. Yapo mavuno yaliyowapendeza wahesabu magunia.

Lakini uwanda ule haukuwa mtupu. Ndio uliokuwa malisho bora ya Wabarbaig, yaliyoliwa kwa zamu na majira. Njia za mifugo zilifungwa, visima na maeneo ya chumvi yakawa ng'ambo ya shamba. Yalilimwa hata makaburi ya wazee, yale matuta waliyoyaita bung'eda, ambayo kwao ni kumbukumbu na ibada. Kwa watu wasioandika, kaburi ni kitabu. Kulilima ni kuichoma maktaba.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na watu 67 waliishitaki NAFCO. Mahakama Kuu, Arusha, iliwapa haki mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Miongoni mwa sababu zake, ilisema kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni maneno, na miaka mingi nimeyahamisha kutoka lugha hadi lugha. Neno "mwenyeji" sijaliona likibebeshwa mzigo mzito kuliko huo. Mtu aliyezikwa babu yake pale aliambiwa alete ushahidi kwamba yeye ni wa pale. Ngano, iliyoshuka melini jana, haikuulizwa.

Na mkate wenyewe ulikwenda wapi? Ulikwenda mjini. Ngano ya Hanang ilisafirishwa viwandani, ikasagwa, ikawalisha watu wa Dar es Salaam na Arusha. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Sweden, Gunilla Andrae na Björn Beckman, walichapisha kitabu juu ya mkate na umaskini nchini Nigeria, na wakaliita jambo hili mtego wa ngano: mji huzoea mkate, serikali huogopa kuunyima, na nchi hulazimika kununua ng'ambo kile ambacho udongo wake hautoi kwa wingi. Tanzania haikuepuka. Hata baada ya Hanang, imeendelea kuagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake. Msaada ulipokwisha mashamba yalidhoofika. Katika miaka ya 2000 baadhi yaligawiwa wanavijiji na mengine yakaingia mikononi mwa wawekezaji. Malisho yaliyokwisha kupinduliwa na jembe la chuma hayarudi kwa kusaini karatasi.

Turudi kwa yule aliyekatazwa ngano. Daktari wa Kiholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye aliyefungua fumbo la ugonjwa wa siliaki. Aliwachunguza watoto wagonjwa kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili, akiwemo katika nchi iliyopita majira ya njaa ya 1944 na 1945, na katika tasnifu yake ya mwaka 1950 akaonyesha kwamba ngano ndiyo iliyowadhuru. Baadaye mkosaji alitambuliwa kuwa gluteni, protini inayoufanya unga wa ngano uvutike kama mpira na kuishika hewa. Mtama, mchele, ulezi, mawele, mahindi na tefu hazina protini hiyo. Kinachotafutwa kwa bei ghali katika maduka ya Ulaya ni kile ambacho mkulima wa Hanang alikuwa nacho ghalani kabla trekta halijafika.

Hapa niseme jambo la kuokoa. Chachu iliyolishwa ngano haiachi kuwa ngano kwa kuchanganywa na unga wa mtama, wala uchachu hauimalizi gluteni. Anayepikia mgonjwa aanze upya: unga wa mtama au wa mchele na maji kwa vipimo sawa, katika chombo safi, kwa siku tano au sita, akitoa nusu na kulisha nusu kila siku. Na asisage kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano.

Mabaki yakipatikana, kazi ni nyepesi. Chukua kikombe kimoja cha chachu hiyo, nusu kikombe cha unga wa mtama, nusu kikombe cha unga wa mchele, yai moja, chumvi kidogo na kijiko cha sukari. Mtu wa Katesh atalainisha kwa maziwa, mtu wa Unguja kwa tui, mpaka rojo limiminike bila kukatika. Liache nusu saa. Paka samli kikaangoni, mimina upawa mmoja, moto uwe wa wastani. Kwa kuwa hakuna gluteni ya kuifunga hewa, hewa hupanda na kutoboa. Utaona macho yakifumbuka juu kama ya kibibi. Yakikauka, geuza. Usilazimishe kuwa nene, maana unene ni tabia ya ngano. Uzuri wa mtama ni wembamba, ukali kidogo na harufu ya udongo uliopata mvua.

Sisemi ngano itupwe. Aipendaye na ale. Mkate wa Ajemi ni mtamu na meza yetu ina nafasi. Ninachokataa ni ile hadithi yake kwamba kabla yake tulikuwa na njaa tu. Chachu yatufundisha ukweli mwingine: cha leo huumuka kwa kilichobaki jana, na aliyemwaga chote hana budi kuomba kwa jirani.

Mtama nilousaga, chachu yake i chunguni,
Wa jana sikuumwaga, nimeufunika ndani,
Ngano ikaja kutega, ikalima kaburini,
Njoo ule bila woga, mkate wa mashambani.