Kati ya Barua na Geti

Kila mwaka KUCCPS wakitoa majina, simu zetu zinajaa picha za barua za kujiunga na chuo. Hongera zinamiminika, mama anaimba, jina linasomwa kanisani. Halafu kimya. Zile wiki zinazofuata hakuna mtu anazipiga picha, na mimi naona historia ya elimu huku kwetu Meru na Embu imekaa hapo hapo: kati ya siku umesema umekubali nafasi na siku umeingia getini na godoro lako. Hapo ndipo watu wetu wamekuwa wakipotea tangu zamani, na sio kwa kukosa akili.

Anza na miaka ya 1950. Ukitaka digrii bila kuvuka bahari, ulikuwa unaenda Makerere, Kampala. Ndiko walikopitia Jeremiah Nyagah wa Embu na Bernard Mate wa Meru baada ya Alliance. Reli haikufika Meru wala Embu. Mtu wa Meru alizunguka mlima hadi Nanyuki kutafuta treni, wa Embu akashuka Sagana. Umbali huo peke yake ungevumilika. Lakini Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na Wakikuyu, Waembu na Wameru tukafungwa pamoja kama kuni, tukaitwa KEM. Kusafiri kukawa ni kwa kibali. Aprili 1954 maelfu ya watu wetu walikamatwa Nairobi katika ile Operesheni Anvil, na Nairobi ndipo treni ya Kampala ilikuwa inapitia.

Kwa hivyo ulihitaji karatasi mbili. Moja ya chuo, nyingine ya afisa wa serikali, na bila hiyo ya pili ile ya kwanza ilikuwa ya kufungia sukari. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyokaribia kukosa nafasi yake Alliance mwaka 1955 kwa sababu hakuwa na kibali cha kupanda treni. Na huyo alikuwa anatoka Limuru kwenda Kikuyu, vituo vichache tu! Wewe wa Chuka jipigie hesabu. Hata kura ya 1957, ile Mate alimshinda Eliud Mathu, mtu wa KEM hakupiga kabla ya kuonyesha cheti cha uaminifu.

Kibali kilipoondoka, pesa ikachukua kiti chake. Ile ndege ya Tom Mboya ya 1959 iliyobeba wanafunzi 81 kwenda Marekani tunaisimulia kama muujiza, lakini kabla ya ndege kulikuwa na karamu za chai vijijini, watu wakichanga shilingi kwa shilingi ili kijana asifike ugenini mifuko mitupu. Ukiona leo kikundi cha WhatsApp cha kumchangia mtoto wa jirani, usicheke. Hiyo ni taasisi ya zamani kuliko vyuo vyetu vyote.

Na hata hivyo vyuo vilitoka huko. Meru College of Technology ilianzishwa kwa harambee ya Wameru, Njuri Ncheke wakatoa ardhi Nchiru. Mwaka 2008 ikawa chini ya JKUAT, na 2013 ikapewa hati yake, Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia. Embu nako, chuo kilichokuwa kinafundisha maafisa wa kilimo kikageuzwa mwaka 2011 kuwa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, kikajitegemea Oktoba 2016. Wazee walichoka kusindikiza watoto mbali, wakaleta geti karibu.

Lakini geti kuwa karibu sio sawa na kuingia. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kuna kundi moja linanisumbua sana.

Kahawa ndiyo ilikuwa karo yetu. Mkoloni aliwanyima Waafrika wa Kenya ruhusa ya kuipanda kwa muda mrefu, na alipoanza kulegeza miaka ya 1930 alianza na Kisii, Embu na Meru. Tangu hapo, mzazi akiulizwa karo anajibu, "Ngoja kahawa ilipe." Sasa angalia: Julai 1989 ule mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka. Mwaka huo huo, wanafunzi wa kwanza wa 8-4-4 walifanya KCSE. Wakaingia vyuo vikuu 1990, na 1991 serikali ikaleta kuchangia gharama, mzazi naye atoe. Mkulima alipokosa pesa ndipo alipoletewa bili. Hakuna aliyepanga hivyo, najua, lakini aliyekuwa na barua mkononi Runyenjes au Nkubu mwaka ule hakujali nani alipanga.

HELB ilikuja na sheria ya 1995, na hapo watu wakapumua. (Waliowatangulia wana hadithi nyingine: kuanzia 1984 ulikuwa unapelekwa kwanza NYS Gilgil kupiga kwata miezi kadhaa kabla hujaona darasa. Waulize wajomba zako, watakuonyesha mpaka saluti.)

Leo kibali ni tovuti. Tangu 2023 unajaza fomu, mfumo unapima umaskini wako, unawekwa kwenye bendi moja kati ya tano. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba, baadaye Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na kijana yuko hapo katikati anatafuta bando. Fomu inataka kujua mapato ya mzazi. Mapato gani? Uingereza ilipiga marufuku miraa 2014. Mei 2024 Mombasa ikafunga mlango kwa muguka, na kule Mbeere bei ikaanguka hata kabla korti haijasema neno. Mzazi wa huku sio maskini Januari hadi Desemba, wala sio tajiri. Ni mtu anayengoja.

Kwa hivyo ndugu yangu uliyekubali nafasi juzi, jaza hiyo fomu wiki hii, kitambulisho cha mzazi kikiwa mkononi, na ukiona bendi imekosea, kata rufaa. Na kwa wakubwa wa vyuo: mtoto wa mkulima akifika siku ya kwanza na risiti za chama cha ushirika badala ya karo kamili, mwandikisheni kwanza, mumdai kahawa ikilipwa. Nchiru pale, ardhi ilitoka kwa babu zake.