Vichwa vya Mistari Mingi katika Gazeti Rasmi la Rwanda: Kutoka Herufi za Risasi hadi Safu ya Nne

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya upangaji wa vichwa vinavyozidi mstari mmoja, na kuitumia kutathmini nafasi ya Kiswahili katika kurasa za sheria za Rwanda. Hoja kuu ni kwamba umbo la kichwa ni suala la sera ya lugha kama lilivyo suala la uchapaji.

1.0 Utangulizi

Itegeko Ngenga Na. 29/2005 la 31/12/2005 liliigawa Rwanda upya katika mikoa 4 na Jiji la Kigali, wilaya 30 na sekta 416. Mudende, iliyokuwa katika Mkoa wa Gisenyi, ikawa sekta ya Wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi. Afisa wa sekta anayetafuta kifungu kinachomhusu huongozwa kwanza na vichwa. Kichwa kikivunjwa vibaya, sheria ipo lakini haionekani.

2.0 Usuli wa Kiufundi

Katika uchapaji wa herufi za risasi, mpangaji aliamua mwenyewe mahali pa kukata kichwa, kisha akatia vipande vyembamba vya madini kati ya mistari. Linotype, iliyoanza kazi mwaka 1886, ilitoa kila mstari kama kipande kimoja, lakini uamuzi wa kukata ulibaki kwa binadamu.

Mfumo wa TeX wa Donald Knuth, uliotolewa mwaka 1978, uliipa kompyuta kazi hiyo: huipima aya nzima kabla ya kuchagua mahali pa kukata. Hata hivyo, TeX husoma kipimo cha nafasi kati ya mistari pale aya inapofungwa. Mpangaji akirudisha herufi ndogo mapema, mstari wa pili wa kichwa hubanana na wa kwanza. Kichwa cha mstari mmoja huficha kasoro hiyo; cha mistari miwili huifichua.

3.0 Lugha Tatu katika Ukurasa Mmoja

Kwa miaka mingi Gazeti Rasmi limechapisha sheria kwa safu tatu sambamba: Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mpangilio huu una faida kubwa, kwani msomaji hulinganisha matini bila kufungua ukurasa mwingine. Gharama yake huangukia vichwa. Kinyarwanda hujenga maneno marefu, na huunganisha maneno kwa ritifaa, kama katika "z'imitegekere" na "cy'u Rwanda". Mkato baada ya ritifaa hutenganisha visivyotengana. Aidha, kichwa kimoja huweza kuchukua mistari mitatu katika lugha moja na mitano katika nyingine, huku vifungu vikitakiwa kuanza usawa mmoja.

4.0 Kiswahili na Safu ya Nne

Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Ukiacha pambizo za milimita 20 kila upande na milimita 5 kati ya safu, safu tatu hupata takribani milimita 53 kila moja. Safu nne hupata chini ya 39. Katika upana huo, kichwa cha kawaida cha sheria hugeuka mnara wa maneno mawilimawili.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kuongeza safu bila kubadili ukurasa kungeipa lugha hadhi na kuinyima wasomaji. Inapendekezwa kwamba:

(a) vichwa vya lugha zote nne vipangwe kwa kufuatana, kila kimoja kikitumia upana wote wa ukurasa;

(b) mistari ikatwe kwa maana, bila kuacha "ya", "wa" au "Na." mwishoni mwa mstari;

(c) nafasi ndani ya kichwa iwe ndogo kuliko nafasi inayokitenga na matini;

(d) kichwa kisiachwe chini ya ukurasa bila kifungu chake.

Kanuni hizi ziandikwe katika mitindo ya programu ya upangaji, zisiachiwe kumbukumbu ya mpangaji.