Kompyuta moja, viwanda vya nchi nzima

Wadau, leo twende Chile. Mwaka 1971 serikali ya Salvador Allende ilikuwa ikitaifisha viwanda kwa kasi. Kazi ikawa moja: utajuaje kila siku kipi kimekwama na kipi kinangoja malighafi? Fernando Flores, mhandisi wa miaka 28, akamwita Mwingereza Stafford Beer. Ukazaliwa mradi wa Cybersyn.

Intaneti haikuwepo. Viwanda vilituma takwimu Santiago kwa teleksi, kompyuta moja kubwa ikazichambua. Kasoro ikionekana, kiwanda chenyewe kiliarifiwa kwanza. Kikishindwa kuirekebisha, ndipo habari ipande kwa wakubwa. Wao walitengewa chumba chenye viti saba, vitufe vikiwa kwenye egemeo la mkono. Mashine ionyeshe, binadamu aamue.

Oktoba 1972 wenye malori wakagoma. Teleksi zile zile zikasaidia kujua bidhaa ziko wapi na barabara ipi inapitika. Serikali ikapona. Lakini Septemba 11, 1973 jeshi likapindua nchi. Allende akafa, na mradi ukafa naye.

Kumbe ratiba ya uzalishaji si hesabu tupu. Ni siasa pia: nani anapewa habari, na nani ana kauli? Sisi tunaonunua programu za mamilioni, yule anayesimama kwenye mashine tumeshamuuliza? Tujadili.