Watoto wa Bibi Norton: habari ya mapatano ya kutengana

Wazee wetu husema: Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia. Bwana na bibi wanaposhindwa kukaa katika nyumba moja, nyasi ni watoto. Leo twataka kuwaeleza jinsi watu wa Uingereza walivyojaribu zamani kutengeneza mambo hayo kwa karatasi yenye sahihi, na jinsi mama mmoja alivyoona kwa machozi kwamba karatasi peke yake haina nguvu.

Kwanza tupambanue maneno mawili. Kuvunja ndoa ni jambo moja, kutengana ni jambo lingine. Mtaguso wa Trento, katika mwaka 1563, ulifundisha kwamba Eklezya haikosei inaposema kuwa kwa sababu mbalimbali watu wa ndoa waweza kutengana kitanda na makao, kwa muda uliowekwa au usiowekwa. Lakini kifungo cha ndoa chabaki. Hakuna ruhusa ya kuoa au kuolewa tena. Waingereza, hata baada ya kuachana na Roma, waliishika desturi hiyo katika mabaraza yao ya dini.

Lakini kesi za mabaraza hayo zilikuwa ndefu, tena zilikula feza nyingi. Sababu zilizokubaliwa zilikuwa hasa mbili: uzinzi na ukatili. Kwa hiyo wenye mali walifanya njia nyingine. Walimwita mtu wa sheria, naye akawaandikia mapatano: mke atakaa mahali apendapo, mume hatamfuata kwa nguvu, atampa feza kiasi fulani kila mwaka. Hapo palikuwa na shida. Kwa sheria ya Uingereza ya siku zile, mume na mke walihesabiwa kuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye mume. Je, mtu aweza kupatana na nafsi yake? Basi walimweka mtu wa tatu, mdhamini, atie sahihi kwa upande wa mke. Pasipo mdhamini huyo, karatasi ilikuwa kama jani kavu.

Na watoto je? Watoto walikuwa wa baba, hata wale wa kunyonya. Katika mwaka 1804 kesi ya Bwana na Bibi De Manneville ilifika katika tribinali ya London. Mke alikuwa amemwacha mume, naye mume alimnyakua mtoto wao wa miezi minane, aliyekuwa bado katika maziwa ya mama yake. Juji mkubwa, Lord Ellenborough, alisema baba ana haki, mtoto akae naye. Hata kama baba ameahidi kwa maandiko kwamba watoto watakaa na mama yao, tribinali hazikupenda kumlazimisha. Zilisema baba hawezi kuutupa mzigo aliopewa.

Ndipo tunafika kwa Caroline Norton. Alizaliwa katika mwaka 1808, akaolewa na George Norton katika mwaka 1827. Mume alikuwa mtu wa sheria, mke alikuwa mwandishi wa mashairi na hadisi. Walipata watoto watatu wa kiume: Fletcher, Brinsley na William. Nyumba yao haikuwa na amani. Mke alishuhudia katika maandishi yake kwamba mumewe alimpiga. Feza alizopata kwa kalamu yake zilikuwa kwa sheria mali ya mume.

Katika mwaka 1836 waligombana sana, na Norton akawapeleka watoto mahali ambapo mama yao hawezi kuwafikia. Mdogo hakuwa bado na miaka mitatu. Tena akamshtaki Lord Melbourne, aliyekuwa Waziri Mkuu, kwamba amezini na mke wake. Katika mwezi wa Juni wa mwaka huo wazee wa baraza walisikia ushahidi, wakaikataa mashtaka pasipo hata kutoka mahali pao kwenda kushauriana. Basi mke hakuonekana na kosa. Je, alirudishiwa watoto? Hapana. Sheria haikuuliza nani amekosa. Iliuliza tu nani ni baba.

Bibi Norton akashika kalamu. Aliandika vitabu vidogo kuhusu haki ya mama, na mjumbe mmoja wa Bunge, Thomas Talfourd, akaleta mpango wa sheria mpya. Katika mwaka 1838 baraza la mabwana wakubwa liliukataa. Katika mwaka 1839 ukapita. Sheria hiyo ilimruhusu mama asiye na hatia ya uzinzi kuomba mbele ya juji akae na watoto wake wasiotimiza miaka 7, na kuwaona wale wakubwa zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sheria ya Uingereza kukubali kwamba mtoto mdogo ana haja ya mama yake.

Lakini tazameni ubishi wa moyo wa mtu. Norton alikuwa amewaweka watoto Scotland, na sheria mpya haikufika huko. Katika Septemba 1842 William, mtoto wa miaka 9, alianguka kutoka farasi, kidonda kikaharibika, akafa. Mama aliitwa, lakini alipofika mtoto alikuwa amekwisha kufa. Baada ya kifo hicho ndipo Norton alipoanza kulegea na kumruhusu kuwaona wawili waliobaki. Sheria haikuweza kumlainisha. Kaburi la mtoto ndilo lilimlainisha.

Katika mwaka 1848 Norton alitaka feza, na kuzipata alihitaji kibali cha mkewe juu ya mali yake. Wakaandika mapatano: mke atakubali, na mume atampa pauni 500 kila mwaka. Miaka ikapita. Mama wa Caroline akafa katika mwaka 1851 akamwachia urithi, na Norton akaona hana lazima ya kutoa tena kiasi kile. Katika mwaka 1853 fundi wa magari ya farasi alidai malipo yake mbele ya baraza, na hapo jambo lote likafunuliwa mbele ya watu. Norton alijitetea kwamba mapatano yale hayamfungi, kwa kuwa kwa sheria mume hawezi kupatana na mke wake. Na kwa sheria ya wakati ule alisema kweli! Aliyetia sahihi kwa mkono wake mwenyewe akalindwa na sheria ile ile aliyoijua vema.

Katika mwaka 1857 Bunge liliondoa kesi za ndoa katika mabaraza ya dini, likaweka tribinali mpya. Sheria hiyo ilifungua mlango wa kuvunja ndoa, jambo ambalo sisi Wakatolika hatuwezi kulisifu. Lakini pia iliweka kutengana kwa hukumu ya juji, ikampa juji uwezo wa kuamuru juu ya malezi na chakula cha watoto, na mke aliyetengana hivyo akaweza kushika mali yake na kufanya mapatano. Katika mwaka 1873 sheria nyingine ilisema mapatano ya kutengana hayatakuwa bure kwa sababu tu baba amekubali watoto wakae na mama. Lakini juji asiyatie nguvu kama hayawafai watoto. Bibi Norton aliiona sheria hiyo. Alikufa katika mwaka 1877. Mwishoni, katika mwaka 1925, iliandikwa wazi kwamba faida ya mtoto itangulie mbele ya mambo yote.

Eklezya nayo imetembea katika njia hiyo. Kanuni za mwaka 1917 ziliwaweka watoto kwa yule asiye na kosa, isipokuwa Askofu ameamua namna nyingine kwa faida yao. Kanuni za mwaka 1983 zasema kwamba wazazi wanapotengana, lazima kila mara kuangalia vema chakula na malezi ya watoto. Zasema pia kwamba mtu akihatarisha sana roho au mwili wa mwenzake au wa watoto, mwenzake ana sababu ya haki ya kuondoka, na kama hatari haingoji, aweza kuondoka hata kabla ya kupata amri ya Askofu. Hatari ikikoma, warudiane.

Basi tunajifunza nini? Wako wanaoandika karatasi nyumbani mbele ya wajomba na baba wadogo, feza zikahesabiwa, vyombo vikagawanywa, na watoto wakatajwa mwisho kama mbuzi. Ndugu zetu, watoto watajwe kwanza: watalala wapi, nani atalipa masomo, nani atawapeleka kwa muganga, siku gani watamwona mzazi mwingine. Tena karatasi ipelekwe mbele ya tribinali, na Padri ajulishwe, ili ahadi iwe na mlinzi. Maana Norton naye alitia sahihi.