Vinara vya Fedha

Jina la riwaya ya Victor Hugo, Les Misérables, iliyotoka mwaka 1862, limenishinda kulitia katika Kiswahili kwa neno moja. Maskini tunao, fukara tunao, na hohehahe, na walalahoi. (Fukara kwa Kiarabu ni wingi, sisi tulimpokea kama mtu mmoja, tukamwongezea ma-: mafukara. Ufukara juu ya ufukara.) Ila neno la Mfaransa lina sura mbili, aliyekosa riziki na aliyekosa utu, na Hugo alizitaka zote mbili: kule chini kabisa, aonavyo yeye, mnyonge na mwovu huitwa jina moja. Maskini wetu hakubali. Yeye ni wa kuhurumiwa tu; hata tajiri akifiwa tunasema, "Maskini!" Dhalili linakaribia, lakini halitishi mtu.

Upande wa sheria Kiswahili kinatoa zaidi. Haki, hakimu, hukumu, mahakama: sikio la Mswahili linasikia ndugu wa tumbo moja. Si ndugu. Haki ina shina la Kiarabu lenye qaf. Hayo matatu mengine yana shina lenye kaf. Ulimi wetu ulizifanya herufi mbili kuwa moja, na tangu hapo mtu huingia mahakamani akidhani hakimu amezaliwa na haki.

Inspekta Javert wa riwaya hiyo, aliyezaliwa gerezani, aliishi ndani ya kosa hilo la sikio. Jean Valjean aliiba mkate, akapewa miaka 5. Majaribio ya kutoroka yakaifikisha 19. Alitoka gerezani Toulon mwaka 1815 na faranga 109 na senti kidogo, pamoja na hati ya njano iliyomtangaza ubaya kila mji alioingia. Hukumu ilitimia. Kwa Javert, basi, na haki ilitimia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yeye aliishia katikati ya methali. Mpaka Juni 1832, penye vizuizi vya waasi wa Paris, Valjean alipopewa nafasi ya kumuua akamwachia. Javert naye akamwachia Valjean, kisha akajitupa katika mto Seine.

Neno ninalolipenda kuliko yote hayo ni komboa. Nilipokuwa mdogo cherehani ya mama iliwekwa rehani kwa mwenye duka. Nikitumwa chumvi niliiona nyuma ya magunia, imefunikwa kanga yetu wenyewe. Siku moja mama akafunga noti kwenye pindo, akasema anakwenda kuikomboa. Baadaye nililikuta neno hilo kanisani, na kwenye Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika iliyokaa Dar es Salaam, lakini kwangu halijawahi kutoka kabisa pale dukani. Kukomboa ni kulipa.

Ndivyo alivyofanya Askofu Myriel wa Digne. Valjean alimwibia vyombo vya fedha, askari wakamrudisha navyo, na mzee akamwuliza mbona amesahau vinara viwili, navyo alipewa. Askari walipoondoka akamwambia kwamba roho yake ameinunua. Fedha kwetu ni madini na ni pesa pia (Kifaransa nacho hakitenganishi), kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa hesabu iliyopigwa mlangoni pale.

Cherehani ilirudi na kutu. Mama aliitia mafuta siku kadhaa kabla haijakubali kushona. Valjean naye, aliyekombolewa asubuhi, jioni ileile alikanyaga sarafu ya mtoto Petit-Gervais, akamfukuza, na mguu hakuuinua mpaka mtoto amekimbia akilia. Alipoiona ile sarafu inang'aa chini ya kiatu chake, akaanza kuita jina la mtoto porini, gizani, na hakuna aliyeitika.

Vyombo aliviuza. Vinara alihama navyo nyumba hata nyumba, na usiku aliokufa vilikuwa vimewashwa mishumaa.