Mwigizaji mtoto (Kanda ya Ziwa)

Mwigizaji mtoto ni msanii aliyeanza kuonekana jukwaani au kwenye filamu kabla ya kutimiza miaka 18, umri ambao Sheria ya Mtoto ya Tanzania, Na. 21 ya 2009, inauhesabu kuwa mwisho wa utoto. Makala hii inaeleza jinsi wasanii wa namna hiyo walivyovuka, au walivyokwama, walipotaka kuendelea na kazi wakiwa watu wazima. Inamulika zaidi Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria. Sehemu kubwa ya historia hiyo imechezwa nje ya mwambao wenyewe, kwa sababu mtoto wa Kanda ya Ziwa aliyetaka filamu alilazimika kupanda basi la Dar es Salaam.

Kabla ya kamera

Watoto wa Usukumani walikuwa wakicheza mbele ya watazamaji muda mrefu kabla ya video kufika. Mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu yanayovutana kwa dawa, mbwembwe na wingi wa mashabiki, huwaingiza watoto uwanjani wakiwa bado wadogo. Mahali pa kuyaona vizuri ni Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, ambako Padre David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika alianzisha kituo cha utamaduni katika miaka ya 1950. Sikukuu ya Bulabo huwakutanisha hapo wachezaji wa kila rika. Mtoto huanza nyuma ya msururu akiiga miguu ya wakubwa, na kila mwaka husogea mbele kidogo. Wapo wanaokua hadi kuwa Bayeye, wachezaji wa nyoka. Hakuna siku anayoambiwa kwamba sasa amekuwa mkubwa mno kwa nafasi yake, kwa sababu ngoma ina nafasi ya kila umri. Filamu za Kiswahili, kama itakavyoonekana hapa chini, hazikuwa na mpangilio huo.

Filamu ziliwafikia watu wa ziwani kupitia kibanda umiza: chumba cha mabati au mabanzi, benchi za mbao, runinga moja na spika inayosikika hadi barabarani. Kwenye mialo na visiwani, vibanda hivyo hufuata kalenda ya mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi inapokuwa kali, kwa hiyo siku hizo wana nafasi ya kukaa kibandani. Wamekwisha kuangalia kila kitu humo, kuanzia filamu za ngumi zilizoingizwa sauti ya Kiswahili hadi Bongo Movie, yaani filamu za Kiswahili za Tanzania. Mwambao umekuwa mtazamaji mkubwa wa filamu na mtengenezaji mdogo.

Nyuso zisizo na majina

Watoto wa Mwanza walioonekana na watu wengi zaidi duniani hawakuwa waigizaji. Wamo katika Darwin's Nightmare, filamu ya hali halisi ya Hubert Sauper kutoka Austria, iliyotoka mwaka 2004 na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Filamu inafuata biashara ya sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20, minofu yake ikienda Ulaya kwa ndege na mapanki, yaani mifupa iliyobaki, yakiachiwa wenyeji. Katikati ya habari hiyo wanaonekana watoto wa mitaani wakigombea sufuria ya wali, wengine wakivuta moshi wa plastiki iliyoyeyushwa. Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani mwaka 2006 kwamba imeichafua nchi, na Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga. Ubishi ulihusu silaha ambazo filamu ilidokeza kuwa ndege hizo zilileta, mapanki na heshima ya taifa. Watoto wenyewe hawakuwa hoja ya yeyote. Hawakuwa na mkataba, wala malipo ya mwigizaji, wala mhusika wa kumvua kazi ikiisha, na dunia iliwajua kwa njaa yao tu.

White Shadow ya Noaz Deshe (2013) ilichukua njia nyingine. Inahusu mauaji ya watu wenye ualbino, janga lililoiumiza Kanda ya Ziwa kuliko sehemu nyingine za nchi, lakini imetungwa kama hadithi, na aliyeibeba ni mvulana mwenye ualbino, Hamisi Bazili, katika nafasi ya Alias. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji kwenye tamasha la Venice. Hapa angalau mtoto alikuwa na jina kwenye orodha ya wasanii na mhusika wa kumcheza.

Kanumba na watoto wake wa filamu

Mtu wa Kanda ya Ziwa aliyeibadili nafasi ya mtoto katika Bongo Movie ni Steven Kanumba (1984–2012), mzaliwa wa Shinyanga. Alikwenda Dar es Salaam, akajiunga na Kaole Sanaa Group mwaka 2002, akaonekana katika michezo ya runinga, kisha akahamia filamu za diski, ambako alijiita The Great na watu wakakubali. Soko la wakati huo lilikuwa na utaratibu mmoja. Hadithi ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, prodyuza akauza haki zote kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, na kilichouza ni sura iliyo kwenye kava. Sura hiyo ilikuwa ya mwanamke mrembo na mwanaume aliyevaa vizuri. Mtoto, kama alikuwamo, alikuwa wa kuugua, kuteswa na mama wa kambo au kulia msibani.

Karibu na mwaka 2010 Kanumba alifanya jambo ambalo wenzake hawakuona faida yake: alitoa This Is It na Uncle JJ, filamu ambazo watoto wawili, Hanifa Daudi na Othman Njaidi, walizibeba pamoja naye. Watazamaji waliwajua kwa majina ya Jennifer na Patrick. Walikuwa na vituko vyao, ujanja wao na maneno yao ya kumjibu mkubwa, na kibanda kizima kilicheka. Kwa miaka michache kila mtu alimjua Jennifer.

Kanumba alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012 nyumbani kwake Sinza, akiwa na miaka 28, na kwa watoto wale hasara ilikuwa ya pekee. Walimpoteza mtu aliyekuwa akiwaandikia. Hapakuwa na prodyuza mwingine aliyeona kwamba msichana wa miaka 13 au mvulana mwenye sauti inayovunjika anaweza kuuza diski. Umri huo, kuanzia 12 hivi hadi 18, haukuwa na mhusika katika filamu za wakati ule. Msichana alitoka kwenye nafasi ya binti mdogo akarukia ya mchumba, na mvulana akasubiri ndevu.

Elizabeth Michael

Aliyeruka pengo hilo mbele ya macho ya taifa zima ni Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, aliyezaliwa tarehe 16 Aprili 1995. Alianza kuigiza akiwa na miaka mitano hivi, akatambulika mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama mtoto wa Kaole, kisha akaingia filamu, baadhi yake akiwa na Kanumba. Kabla ya kufikisha miaka 17 alikuwa amekwisha kupewa nafasi za wanawake wazima. Magazeti ya udaku yalimwandika kana kwamba ana umri wa wahusika wake, na wasomaji wengi waliamini.

Imani hiyo ilikuja kugusa sheria. Usiku Kanumba alipofariki, Lulu alikuwa naye, na siku chache baadaye alifikishwa mahakamani akishtakiwa kwa mauaji. Mawakili wake walisema ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto na kwamba kesi isikilizwe kwa utaratibu wa watoto. Mabishano juu ya umri wake yalifika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Mitaani watu walibishana vilevile, wengi wakitumia ushahidi usio na uzito wowote kisheria: mbona kwenye filamu ni mkubwa? Kwa tarehe yake ya kuzaliwa, Kanumba alipofariki alikuwa amebakiza siku 9 kutimiza miaka 17. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi tasnia isiyo na nafasi ya kijana inavyoweza kumnyima mtoto umri wake hata nje ya kioo.

Shtaka lilibadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, na Januari 2013 akapata dhamana. Mwaka huohuo aliigiza Foolish Age, filamu yake ya kwanza ya kurudi, na jina lake, umri wa ujinga, lilionyesha kwamba watengenezaji walikuwa wamegundua umri ule ambao haukuwa umeandikiwa mhusika. Ikafuata Mapenzi ya Mungu, ambamo Flora Mtegoa, mama mzazi wa Kanumba, naye aliigiza. Machi 2016 filamu hiyo ilipata tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki katika Africa Magic Viewers' Choice Awards mjini Lagos. Kwa hesabu ya kazi peke yake, hapo Lulu alikuwa amevuka: mtoto wa Kaole amepokea tuzo ya bara akiwa na miaka 20.

Tarehe 13 Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka miwili. Mei 2018 alitoka gerezani ili kumalizia adhabu kwa kutumikia jamii.

Ng'ambo ya ziwa

Upande wa kaskazini mambo yalikwenda kwa njia tofauti, na tofauti inafundisha. Queen of Katwe ya Mira Nair, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2016, ilirekodiwa Kampala na Johannesburg kwa fedha za Disney. Aliyecheza Phiona Mutesi, bingwa wa chesi aliyekulia kwenye mabanda ya Katwe, ni Madina Nalwanga, msichana aliyepatikana kwenye kikundi cha ngoma Kampala. Kama Phiona, naye aliwahi kuchuuza mahindi mtaani, na mkao wake anapobeba beseni kichwani haukuhitaji mwalimu. Mwenzake, Nikita Pearl Waligwa, aliyecheza Gloria, alifariki Februari 2020 kwa uvimbe wa ubongo akiwa na miaka 15. Filamu ilisifiwa kotekote, lakini Kampala haikuwa na filamu ya pili ya ukubwa huo ya kumpokea Madina akiwa na miaka 17, wala ya 20.

Lupita Nyong'o, aliyecheza mama wa Phiona, ndiye mfano wa mwambao aliyevuka salama kuliko wote, ingawa mara chache anahesabiwa kuwa mwigizaji mtoto. Familia yake ni ya Kisumu, ambako baba yake, Anyang' Nyong'o, alichaguliwa kuwa gavana mwaka 2017. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet na kikundi cha Phoenix Players, Nairobi. Juliet katika tamthilia ya Shakespeare hajatimiza miaka 14. Kwa hiyo Lupita alipewa mhusika wa rika lake hasa, katika umri uleule ambao Bongo Movie iliuruka. Baada ya hapo alisoma, akafanya kazi za nyuma ya kamera, akaonekana katika tamthilia ya runinga ya Shuga mwaka 2009, akahitimu shule ya maigizo ya Yale, na Machi 2014 akapata Oscar. Uwezo wa familia ulisaidia, hilo halifichiki. Lakini jukwaa lilikuwapo kwanza.

Kenya ilikuwa na njia nyingine pia: vipindi virefu vya runinga. Machachari ya Citizen TV iliwaacha watoto wake wakue hewani msimu baada ya msimu, kiasi kwamba Kamau Mbaya, aliyejulikana kama Baha, alibalehe mbele ya watazamaji bila mtu kumwombea radhi.

Sheria na malipo

Sheria za Tanzania zinamgusa mwigizaji mtoto kwa njia ya ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefika umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkwamisha shule. Sheria ya Mtoto inazuia kazi za usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Anayejua lokesheni za Bongo Movie anajua pia kwamba sini za usiku hurekodiwa usiku, na prodyuza aliyekodi nyumba kwa siku chache hamalizi kazi saa mbili.

Fedha ni udhaifu mkubwa zaidi. California ilitunga sheria ya kulinda kipato cha waigizaji watoto mwaka 1939, baada ya Jackie Coogan, mtoto wa The Kid ya Chaplin (1921), kukuta akiwa mkubwa kwamba mama yake na baba wa kambo wametumia karibu mapato yake yote. Leo mwajiri huko analazimika kuweka asilimia 15 ya malipo ya mtoto kwenye akaunti isiyoguswa hadi akue. Katika soko la diski la Tanzania, ambako hata mtu mzima aliuza haki zake kwa malipo ya mara moja, mtoto alilipwa kupitia mzazi, na filamu ilipoendelea kuuzwa kwa miaka hakuwa na cha kudai.

Mwanza yenyewe

Jiji lina sehemu za kuanzia. Chuo cha Ualimu Butimba kimetoa kwa miaka mingi walimu wa sanaa na muziki waliotawanyika shule za nchi nzima. Mashindano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari huwapandisha wanafunzi jukwaani kwa ngoma na kwaya. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Malimbe, kinafundisha mawasiliano ya umma, kwa hiyo kamera na vijana wa kuzishika wapo. Kinachokosekana ni kazi ya kulipwa kati ya jukwaa la shule na soko la Dar es Salaam, na kwa kijana wa miaka 15 wa Kirumba au Igoma safari hiyo ni ndefu.

Tangu diski zilipokufa, tamthilia za chaneli za kulipia zimechukua nafasi yake. Jua Kali ya Leah Mwendamseke, maarufu kama Lamata, ilianza kurushwa na Maisha Magic Bongo mwaka 2021 na kuendelea kwa misimu kadhaa. Tamthilia ya namna hiyo huhitaji familia kamili ndani ya hadithi, watoto wakiwamo, na mtoto aliyeingia msimu wa kwanza akiwa na miaka 11 huwapa waandishi kazi ya kumwandikia miaka 12, kisha 13.