El Anatsui na sanaa ya vifuniko vya chupa

El Anatsui (alizaliwa Anyako, 4 Februari 1944) ni mchongaji wa Ghana ambaye sehemu kubwa ya kazi zake alizifanyia Nsukka, kusini-mashariki mwa Nigeria. Anajulikana hasa kwa mapazia makubwa ya alumini, yaliyoungwa kwa maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe kali. Tangu ujana wake amejiwekea sharti moja: kufanyia kazi vitu ambavyo watu wa mahali anapoishi wamekwisha kuvitumia. Sharti hilo hakulazimishwa nalo na ufukara, bali alilichagua, na umbo la kazi zake limetokana nalo.

Baba yake alikuwa mvuvi na mfumaji wa kitambaa cha kente. Anatsui mwenyewe hakufuma. Alilelewa na mjomba wake katika nyumba ya misheni, kisha akasomea sanaa Kumasi, ambako mafunzo yalifuata zaidi njia za Ulaya. Alipoanza kufundisha Winneba mwaka 1969, aliviacha vifaa vya darasani akageukia vyano vya mbao ambavyo wachuuzi hupangia bidhaa sokoni. Juu yavyo alichoma alama za jadi za Ghana ziitwazo adinkra kwa vyuma vya moto. Chano ni duara, hakina pembe za kumwongoza msanii, na chuma cha moto kikishaunguza mbao hakuna kufuta. Ilibidi aamue kabla ya kugusa.

Mwaka 1975 alihamia Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, akaingia kwenye mfululizo wa vyungu vilivyovunjika. Mwaka 1980, akiwa Marekani, alianza kuchonga kwa chenso. Chenso haibembelezi mti: hukata moja kwa moja na kuacha nyuzi zilizochanika. Anatsui hakuyalainisha makovu hayo. Kwake yalisimulia jinsi mataifa ya Ulaya yalivyoikatakata Afrika. Mbao alizipanga ukutani moja kando ya nyingine bila kuzigandisha, hivyo mpangilio uliweza kubadilishwa. Baadaye alitumia vinu vikuukuu, mifuniko ya makopo ya maziwa, na mabati yaliyotobolewa kwa misumari ambayo wanawake hukwaruzia muhogo wa kutengenezea chakula kiitwacho gari.

Mnamo 1998 aliokota karibu na Nsukka mfuko uliojaa vifuniko vya chupa. Havikumpa wazo mara moja. Vilikaa karakanani muda mrefu kabla hajaanza kuvishughulikia. Kifuniko cha namna hii ni bati laini la alumini lenye shingo inayozunguka mdomo wa chupa. Shingo hukatwa na kunyooshwa kuwa ukanda mwembamba, au husokotwa. Sehemu ya juu huachwa duara au kupondwa. Kila kipande hutobolewa pembeni, kisha hufungwa kwa jirani zake kwa waya wa shaba. Vijana wengi hukaa pamoja wakifunga vipande vidogo vidogo, na Anatsui huvitandaza sakafuni, akivihamisha na kuviunganisha mpaka apate anachokitafuta. Ndivyo ukili unavyoshonwa ubavu kwa ubavu hadi ukawa mkeka, na ndivyo pia mikanda ya kente inavyoshonwa kuwa nguo.

Hakuna brashi wala kopo la rangi. Nyekundu, njano, nyeusi na fedha ni za viwanda vya pombe, na majina ya vinywaji bado husomeka mtu akisogea karibu. Kiwanda kikibadili kifuniko, msanii naye amepata rangi mpya na kupoteza ya zamani. Pombe yenyewe ina historia nzito. Wafanyabiashara wa Ulaya waliileta pwani ya Afrika Magharibi kubadilishana na bidhaa na watu, na baadhi ya pombe hizo zilitengenezwa kwa miwa iliyolimwa na watumwa ng'ambo ya Atlantiki. Rangi za dukani zisingeweza kubeba habari hiyo.

Kwa kuwa waya hukunjika, pazia la mita nyingi huingia ndani ya sanduku. Anatsui hatoi maelekezo ya namna moja ya kulitundika: wanaolipokea huamua mikunjo iwe wapi, na kazi ileile huonekana tofauti kila inapofika. Ni uhuru ambao wachongaji wengi hawawapi wengine, nami naona ndio ujasiri wake mkubwa kuliko hata ukubwa wa kazi zenyewe.

Jumba la Makumbusho la Uingereza linazo Man's Cloth na Woman's Cloth, zilizokuwa miongoni mwa mapazia ya mwanzo. Mwaka 2007 kazi zake zilioneshwa katika Bienale ya Venice, na mwaka 2015 bienale hiyo ilimtunuku Simba wa Dhahabu kwa mchango wa maisha yake yote. Mwaka 2023 alijaza ukumbi wa mashine wa Tate Modern, London, kwa Behind the Red Moon, kazi ya sehemu tatu inayoanza na tanga kubwa jekundu.

Magazeti mara nyingi humwita msanii wa takataka. Jina hilo halimfai. Anayerejeleza chupa hupata chupa nyingine, lakini vifuniko vya Nsukka havirudi tena kufunika kitu. Na Anatsui hatafuti uchafu: hutafuta kitu kilichopitia mikononi na midomoni mwa watu, hata chembe za maisha yao zikabaki ndani yake.